Maji Kwanza, Hesabu Baadaye: Niliyojifunza kwa Kupima Uthabiti wa Miteremko

Mtu akiniita nikamkagulie mteremko, karibu kila mara anachotaka ni namba moja. Anataka nimwambie uwiano wa usalama ni ngapi, basi, aendelee na ujenzi wake. Namba hiyo ipo na ina maana yake: unachukua nguvu ya udongo ya kukinza mkato, yaani ile kani inayotaka tabaka moja liteleze juu ya jingine, unaigawa kwa mkato wenyewe unaoulazimisha uteleze. Ikiwa 1, mteremko uko ukingoni. Ikishuka chini ya 1, kwa hesabu ulishaanguka. Kwa mteremko wa kudumu wahandisi wengi hudai 1.5, na kwa hali ya muda tu, ujenzi unapoendelea, 1.3 au karibu na hapo. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na ninachokiamini kuliko yote ni kwamba namba hiyo huamuliwa kabla hujawasha kompyuta. Huamuliwa na maswali mawili: mvua ikizidi, maji yatafika wapi ndani ya udongo? Na udongo huu ulishawahi kuteleza, au bado? Ukiyajibu vizuri hayo mawili, njia yoyote ya hesabu iliyo na maana itakufikisha. Ukiyajibu vibaya, hakuna programu itakayokuokoa.

Kwa hiyo naanza kwa miguu. Naupanda mteremko wote hadi juu kabisa, hata kama juu ni kiwanja cha mtu mwingine na inabidi kuomba ruhusa, kwa sababu kinachosogeza udongo mara nyingi kinaanzia kule. Natazama miti. Mti mmoja uliopinda haushuhudii kitu, lakini kundi zima likiwa na mashina yaliyoinamia bondeni kisha yakajikunja kwenda juu, najua udongo umekuwa ukisogea polepole huku miti ikijinyoosha kuufuata mwanga. Natazama nguzo za uzio zilizoacha mstari, mabomba yaliyochomoka kwenye maungio, mtaro wa saruji uliopasuka ukawa unamwaga maji yote mahali pamoja. Wakati wa kiangazi natafuta majani mabichi na matete pale ambapo pande zote kumekauka. Kitakoni, yaani chini kabisa mteremko unapoishia, natafuta uvimbe, maana udongo ulioshuka juu lazima utokeze mahali.

Ufa ndio unaonichukulia muda mrefu zaidi. Udongo wa mfinyanzi ukikauka hupasuka, na wapo watu wanaoziona nyufa hizo wakaingiwa na hofu bure. Wapo pia wanaouona ufa wa hatari wakasema ni jua tu. Tofauti inaonekana kwa macho. Nyufa za ukavu huugawa uso wa ardhi vipande vipande vyenye pembe, na pande zake mbili ziko usawa mmoja. Ufa wa mtelezo ni mrefu, hukata mteremko kwa upinde huku ncha zake zikielekea chini, na ukipitisha kiganja juu yake unahisi ngazi: mdomo wa upande wa bondeni umeshuka. Hata sentimita mbili zinaniambia kitu. Nikiupata ufa wa namna hiyo napigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, nagonga msumari kichwani mwa kila kigingi, napima kati ya msumari na msumari kwa milimita na kuandika tarehe na saa. Kisha nauziba ufa kwa mfinyanzi ulioshindiliwa, au naufunika kwa turubai hadi kazi ya kuuziba ifanyike. Ufa ulioachwa wazi hujaa mvua. Maji yaliyosimama ndani yake huusukuma udongo kwenda pembeni, na yakipenya chini hufika palepale usipotaka yafike, kwenye uso wa mtelezo.

Halafu nauliza. Wanaoishi au kulima karibu wanajua chemchemi inatoka wapi mwaka wa mvua nyingi, na wanajua kidimbwi gani kilifukiwa. Ramani za zamani nazo zinajua. Kila nikizikunjua nakumbuka Aberfan, kule Wales, ambako tarehe 21 Oktoba 1966 lundo la mabaki ya mgodi wa makaa ya mawe liliporomoka likaifunika shule na nyumba. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Lundo hilo, la saba kwa hesabu yao, lilikuwa limemwagwa juu ya chemchemi, na chemchemi hizo zilikuwa zimechorwa kwenye ramani. Ndiyo sababu sikubali kuambiwa kwamba kutafuta ramani ni kupoteza muda.

Sasa maji yenyewe. Mhandisi Karl Terzaghi ndiye aliyeliweka wazi jambo hili katika miaka ya 1920: udongo uliojaa maji haukinzi mkato kwa uzito wote ulio juu yake. Sehemu ya uzito huo hubebwa na maji yaliyo kati ya chembe, na maji hayana msuguano. Kinachobaki kwenye chembe zenyewe ndicho kinachozalisha nguvu. Shinikizo la maji likipanda, chembe hubanwa kwa nguvu ndogo zaidi, na msuguano kati yake hupungua hata kama mteremko haukuguswa na mtu.

Wahandisi vijana ninaofanya nao kazi huwa nawapa hesabu hii waifanye kwa kalamu. Chukua mteremko mrefu wa mchanga wenye mwinamo wa nyuzi 20, na mchanga huo uwe na pembe ya msuguano, yaani kipimo cha jinsi chembe zake zinavyokwamana, ya nyuzi 32. Ukiwa mkavu, uwiano wa usalama ni tanjenti ya 32 ikigawanywa kwa tanjenti ya 20, yaani kama 1.7. Mteremko salama kabisa. Sasa jaza maji hadi usoni, yatiririke sambamba na mteremko, na uzito wa mchanga uliojaa maji uwe kilonyutoni 19 kwa mita ya ujazo. Namba ileile inashuka hadi 0.83. Mwinamo haukubadilika, mchanga ni uleule, lakini mteremko uliokuwa na akiba kubwa hauwezi tena kusimama. Zaidi ya nusu ya nguvu imeondoka na maji. Baada ya hesabu hiyo hakuna anayeniuliza tena kwa nini nalilia pizomita, bomba linalochomekwa ardhini kupima shinikizo la maji mahali fulani.

Pizomita nayo ina mambo yake. Bomba lenye matundu tangu juu hadi chini linaloachwa ndani ya tundu la kuchoronga halikupi jibu moja; linachanganya maji ya tabaka zote na kukuonyesha kina ambacho pengine hakipo popote. Kulikuwa na mteremko mmoja ambao bomba la namna hiyo lilionyesha maji yako chini sana, na ripoti iliyotangulia ikapumzika juu ya habari hiyo njema. Tulichoronga tena pembeni, safari hii tukaweka pizomita mbili, kila moja na kichujio chake kifupi kilichozungushiwa mchanga na kuzibwa kwa bentonaiti, mfinyanzi unaovimba ukilowa, juu na chini: moja kwenye mchanga wa chini, nyingine juu ya tabaka jembamba la mfinyanzi lililokuwa katikati. Baada ya mvua nikashusha utepe wa kupimia, unaolia ncha yake ikigusa maji. Kwenye ile ya chini utepe ulishuka na kushuka hadi ukapiga mlio mahali palepale ripoti iliposema. Kwenye ile ya juu ulilia karibu mara moja. Maji yalikuwa yamekaa juu ya mfinyanzi kama yaliyomo bakulini, na lile bomba la zamani lilikuwa likiyavujisha kimyakimya kwenda tabaka la chini. Mtelezo kwenye mteremko ule ungepita juu ya mfinyanzi, yaani kwenye maji ambayo ripoti haikuyaona.

Tangu hapo sisomi kipimo cha kiangazi nikakiita kiwango cha maji. Nataka angalau msimu mmoja wa mvua, na nataka usomaji wa karibukaribu wakati mvua inanyesha, maana mchanga hujibu kwa saa na mfinyanzi unaweza kuchukua majuma. Ipo miteremko inayoanguka mvua ikiwa bado inapiga, na ipo inayoanguka jua likiwa limeshawaka na watu wamerudi majumbani wakidhani hatari imepita.

Upo udanganyifu mwingine wa maji unaotokana na kutokuwepo kwake. Udongo ulio juu ya usawa wa maji ya ardhini, hasa ule uliotokana na mwamba uliooza papo hapo, una unyevu kidogo unaozivuta chembe zikakaribiana. Mvutano huo huusimamisha udongo kwa mwinamo mkali, wakati mwingine kama ukuta, miezi na hata miaka. Mwenye kiwanja anauona umesimama na kusema, si huo hapo? Lakini nguvu ile ni ya kukopa. Mvua ndefu ikipenya taratibu huufuta mvutano wote, bila hata usawa wa maji ya ardhini kupanda, na kipande chembamba cha juu huteleza ghafla. Hong Kong ililipa gharama kubwa kwa miteremko ya aina hii na kwa matuta ya kifusi ambacho hakikushindiliwa ipasavyo. Tarehe 18 Juni 1972, baada ya siku za mvua kubwa, tuta la Sau Mau Ping na mteremko wa Po Shan Road viliporomoka siku moja. Watu 71 walikufa mahali pa kwanza na 67 mahali pa pili. Mwaka 1976 Sau Mau Ping ikaua tena. Mwaka 1977 serikali ya huko ikaanzisha ofisi maalumu ya kudhibiti miteremko. Huwa nawataja wenzangu wa huko kwa heshima kubwa, kwa kuwa walikubali kwamba mteremko ni mali inayohitaji kukaguliwa na kutunzwa kama daraja.

Swali la pili, kama udongo ulishateleza, linajibiwa kwa mikono. Nachimba shimo la majaribio, naingia baada ya kuta zake kukingwa kwa mbao, nakata bonge la mfinyanzi na kulivunja taratibu kwa vidole. Udongo ambao haujateleza huvunjika ovyo, uso wake ukiwa mbaya na wenye mabaka. Ulioteleza huachia mahali pamoja, na sehemu hiyo hung'aa kama imepakwa mafuta, na ukiigeuza kwenye mwanga unaona mistari miembamba yote ikielekea upande mmoja. Chembe bapa za mfinyanzi zimelazwa na mwendo wa zamani. Uso huo ukishakuwepo, nguvu ya udongo si ile tena. Mhandisi Alec Skempton alilieleza hili mwaka 1964 kwenye mhadhara wake juu ya miteremko ya mfinyanzi: baada ya mwendo mkubwa, mshikamano, yaani nguvu ya chembe kugandamana hata bila kubanwa, hupotea karibu wote na pembe ya msuguano hushuka hadi kiwango cha masalio, kile kinachobaki mwisho. Kwenye mfinyanzi mnene pembe hiyo inaweza kutoka nyuzi zaidi ya 20 ikawa chini ya 15. Mtelezo wa kale uliotulia maelfu ya miaka unaweza kuamshwa na mchimbo mdogo tu kitakoni, kwa sababu unatembea kwenye njia iliyokwisha kulainishwa.

Na hapa ndipo maabara inapoweza kukupotosha bila mtu yeyote kukosea. Fundi wa maabara mwenye bidii anataka sampuli nzuri, nzima, zisizo na kasoro. Siku moja nilikuwa maabara wakati fundi anatoa mfinyanzi kwenye bomba la sampuli. Kipande kimoja kikaachana katikati kabla hajakigusa kwa kisu.

"Injinia, hiki kimevunjika chenyewe," akaniambia. "Nikitupe nichukue cha chini yake?"

"Hapana, fundi. Hicho ndicho tulichokifuata."

Tulikiosha kwa matone ya maji, na sehemu iliyoachana ilikuwa inang'aa. Vipande vizima vyote viwili, cha juu na cha chini, vingepimwa vikatoa nguvu ya kupendeza, na ripoti ingeandikwa juu ya udongo ambao mtelezo haukukusudia kuupitia. Naamini sampuli nyingi za maana duniani zimeishia kwenye ndoo ya takataka kwa namna hiyo. Siku hizi naandika kwenye maagizo ya maabara: kilichovunjika chenyewe kihifadhiwe, kipigwe picha, na niitwe. Kisha naomba jaribio la mkato wa pete, linalouzungusha udongo kwa umbali mrefu hadi nguvu ya masalio ijitokeze.

Mshikamano nao nautilia shaka mpaka nione unakotoka. Rudi kwenye mteremko wetu wa nyuzi 20 uliojaa maji, wenye 0.83. Mtu akiongeza mshikamano wa kilopaskali 5 tu, kwa mtelezo wa kina cha mita 2 namba inapanda kwa 0.4 na kuwa 1.2. Mteremko uliokuwa umeanguka umesimama tena, kwenye karatasi. Kwa kina cha mita 10 kilopaskali hizo 5 huongeza chini ya 0.1. Yaani kosa hili dogo huuma zaidi kwenye mitelezo ya kina kifupi, ambayo ndiyo mingi. Na mara nyingi kilopaskali hizo hazikupimwa. Zimezaliwa na mstari ulionyooka uliochorwa kupitia nukta tatu za majaribio yaliyofanywa kwa mkazo mkubwa mno, ukaendelezwa hadi kwenye mhimili wa mchoro. Kama mtelezo wako ni wa kina cha mita 2, udongo upimwe kwa mkazo uliopo kwenye kina hicho. Kazi ni ngumu zaidi maabara, lakini ndiyo yenye ukweli.

Hali ya muda mfupi na ya muda mrefu nitaigusa tu. Ukikata mfinyanzi, unauondolea mzigo, shinikizo la maji hushuka, na mchimbo husimama vizuri siku ya kufungua barabara. Kisha maji huvutwa ndani polepole. Michimbo ya reli kwenye mfinyanzi wa London ilianguka mingine miongo kadhaa baada ya kukatwa. Tuta juu ya udongo laini huenda kinyume: hatari yake kubwa ni siku ya mwisho wa kujaza, na likipita hapo udongo wa chini hubanwa na kupata nguvu. Anayechanganya hali hizi mbili atatumia nguvu isiyohusika hata kama kila jaribio lilifanywa sawasawa.

Ndipo nafungua kompyuta. Wazo la kuukata udongo ulio juu ya upinde wa mtelezo vipande vya wima na kusawazisha kani za kila kipande lilianzia Uswidi, baada ya gati la Stigberg mjini Gothenburg kuanguka mwaka 1916. Mhandisi Fellenius akaliendeleza, mwenzake Bishop akaliboresha mwaka 1955, Morgenstern na Price wakalikamilisha mwaka 1965 kwa nyuso za mtelezo za umbo lolote. Njia ya Fellenius hutoa namba ndogo kuliko inavyostahili pale shinikizo la maji linapokuwa kubwa, lakini kati ya Bishop na zilizomfuata tofauti huwa asilimia chache. Kupandisha maji mita moja au mbili hubadilisha jibu kuliko hapo. Kwa hiyo mabishano ya njia ipi ni bora siyaingii. Ninachokagua ni picha: upinde hatari zaidi umepita wapi, na je, programu iliruhusiwa kutafuta huko kwingine? Mara kwa mara nakuta imefungiwa kutafuta mviringo peke yake huku tabaka dhaifu likiwa limelala bapa chini yake. Na nakagua kama ufa wa juu umewekwa, ukiwa na maji ndani.

Mteremko uliokwisha kuteleza hunipa zawadi moja: najua kwamba wakati ule uwiano ulikuwa 1. Nikilijua umbo lake na maji ya siku ile, narudi nyuma kuitafuta nguvu, na jibu hilo naliamini kuliko sampuli, kwa kuwa limepimwa kwa mteremko mzima.

Kuhusu tiba, mwelekeo wangu unajulikana. Wateja hupenda ukuta kwa sababu unaonekana. Mimi nadai kwanza mtaro wa kukinga maji juu ya ukingo, mabomba yenye matundu yaliyochomekwa kwa mlalo ndani ya mteremko, na mzigo wa mawe kitakoni. Nimewahi kutetea kitako kisikatwe kwa ajili ya kupata mita chache za maegesho, nikashindwa, mkandarasi akakata, na ufa ukajitokeza juu kabla ya ujenzi kumalizika. Ilibidi udongo urudishwe na mawe yaongezwe. Kitako ndicho kinachozuia. Ukikiondoa, uzito wote wa juu unakosa mpinzani.

Vigingi vikianza kuachana, ninachofuata ni kasi. Milimita chache kwa mwezi zisizobadilika zinanipa muda wa kufikiri. Kasi inayoongezeka kila siku hainipi muda. Mtafiti Mjapani, Fukuzono, alionyesha mwaka 1985 kwamba ukigawa 1 kwa kasi na kuchora matokeo dhidi ya muda, mstari huelekea sifuri kadiri mteremko unavyokaribia kuanguka. Mchoro huo unaweza kuchorwa kwa penseli kando ya shimo, na nimeutumia kuwaambia watu wahame usiku uleule. Walilalamika, na nilikubali lawama.

Ripoti zangu sasa haziishii kwenye namba moja. Naandika uwiano kwa maji yaliyopimwa, kisha uwiano kwa maji ya juu yanayotarajiwa, kisha kina cha maji ambacho kikifikiwa kwenye pizomita fulani uwiano unakuwa 1.1. Kina hicho nakiandika kwa rangi kwenye kifuniko cha pizomita yenyewe, pamoja na hatua ya kuchukua. Na kabla sijatia sahihi namtaka mwenye mteremko anitajie jina la mtu atakayeshusha utepe kila baada ya mvua kubwa mkandarasi akishaondoka. Akinijibu "tutaona", ripoti inabaki kwangu mpaka jina lipatikane.